Dawa ya Kulegeza

Tangu alfajiri Felista alikuwa ameshika kamba ya fahali wake nje ya zizi la kijiji, na tumboni hakuwa na kitu ila mlenda mtupu wa jana, usio na ugali. Mvua ilikuwa imekosa. Mtama waliopanda kando ya barabara ya Mkiwa, kwenye udongo ambao hakuna kati yao aliyeuchagua, ulikauka kabla haujafika magotini.

Yeye na jirani zake walihamishwa na serikali wakati wa kiangazi. Lori lilikuja, wanamgambo wakabomoa paa la tembe lake huku chungu kikiwa bado mekoni. Alikuja hapa na watoto wake na fahali huyu mweusi, mwenye nundu iliyolalia upande, aliyeachwa na marehemu mumewe. Fahali ndiye aliyewalisha. Watu wa kijiji cha Issuna na wa mbali zaidi walileta majike yao yapandwe, na jike likishika mimba wenyewe walimletea Felista mtama, au walikuja na majembe kumlimia.

Sasa ilikuwa imetoka amri. Kijiji kitakuwa na fahali mmoja tu, wa mradi, wa mbegu ya kisasa, ambaye hadi siku ile hakuna aliyekuwa amemwona. Madume mengine yote yahasiwe.

Bwana Mifugo alikuwa kijana aitwaye Leonidas, mwenye soksi ndefu zilizovutwa hadi magotini. Alikuja kwa Landrova pamoja na mgeni wa wilayani, ambaye aliwekewa kiti kwenye kivuli cha ghala. Nyuma ya kiti alisimama mwenyekiti wa kijiji, Mughwai, mdogo wa marehemu mume wa Felista.

"Mlizoea kumwangusha ng'ombe kwa kamba, kijiji kizima mnatoka jasho," Leonidas aliwaambia watu. "Leo mtaona sayansi. Sindano tu, analala mwenyewe."

Felista alipiga goti kidogo. "Shikamoo, Bwana Mifugo."

"Marahaba."

"Huyu ndiye shamba langu. Wahasini wengine wote, huyu niachieni. Sina mwingine."

"Amri haisemi wa fulani na wa fulani, mama."

"Shemeji," alisema Mughwai, bila kupaza sauti, "usitutie aibu mbele ya mgeni."

Fahali akafungwa kwenye nguzo. Leonidas aliinama kwenye sanduku lake, akavuta dawa kwenye sindano, na Mughwai akamsogelea atazame. Felista alikuwa bado ameshika kamba, karibu kabisa nao.

"Ndiyo ya usingizi hiyo?" Mughwai aliuliza.

"Ya usingizi haikuletwa. Hii inalegeza misuli tu."

"Kwa hiyo atasikia kisu?"

"Atasikia. Ila hataweza kupiga teke wala kulia." Leonidas aligonga sindano kwa ukucha. "Kwa anayetazama ni kitu kilekile."

Mughwai aligeuza uso, akakutana na macho ya Felista. Akarudi kusimama nyuma ya kiti.

Sindano iliingia shingoni. Fahali alitikisa masikio, akaendelea kusimama. Mgeni alitazama saa yake. Leonidas aliona, akavuta dawa nyingine haraka, akamchoma tena. Ndipo ngozi ya fahali ikaanza kuchezacheza mwili mzima, kana kwamba siafu wanatembea chini yake. Miguu ya mbele ikakunjika, kisha ya nyuma. Akaanguka kwa ubavu, vumbi likatimka, na watu wakapiga makofi.

"Amelala," alisema Leonidas.

Hakuwa amelala. Jicho lilikuwa wazi, machozi yakichuruzika hadi kwenye pua. Felista alipiga magoti, akaweka kiganja nyuma ya bega la fahali. Mbavu zilikuwa zimetulia. Hazikupanda, hazikushuka. Lakini ndani moyo ulikuwa ukipiga.

"Hapumui," alisema.

"Toka hapo, mama."

"Bwana Mifugo, hapumui. Mfungue kinywa, mfanyie chochote."

Leonidas alikuwa ameshakata. Wakati huohuo Felista alihisi moyo ukiruka chini ya mkono wake, ukagonga kwa nguvu, tena na tena, ndani ya mwili ambao hata mkia haukusogea. Felista alipiga kelele badala ya fahali. Bonifasi, mgambo aliyekuwa akilinda zizi, alimshika kwapani akamvuta pembeni.

Aliporuhusiwa kurudi, nzi walikuwa wakitembea juu ya jicho, na jicho halikupepesa.

Mgeni aliinuka kitini. "Ng'ombe amekufa?"

Leonidas alikuwa akifuta kisu kwenye nyasi, akikifuta tena pale palipokwisha kuwa safi. Mughwai alimvuta Felista nyuma ya ghala.

"Utasema alikuwa mgonjwa."

"Hakuwa mgonjwa. Umesikia mwenyewe alivyosema."

"Nimesikia." Mughwai alikuwa akitokwa na jasho. "Mahindi ya njano ya msaada yameletwa jana, yako humu ndani, na anayesema nani apate ni mimi. Ukimharibia huyu kijana mbele ya mkubwa wake, atasema kijiji changu kinahujumu mradi. Mimi nitaondolewa. Wewe na wanao mtakula nini, shemeji? Ukweli?"

Felista aliegemea ukuta wa ghala. Kutoka ndani aliisikia harufu ya magunia. Alifikiria nyumba yake ya nyasi na watoto waliolala mchana kutwa kwa kukosa nguvu za kucheza.

Alirudi mbele ya watu, akasema aliyoambiwa aseme. Fahali alikuwa mgonjwa tangu juzi, naye alimficha.

"Mgonjwa wa nini?" mgeni aliuliza.

Leonidas alijibu kabla yake. "Dalili zinafanana na kimeta."

"Kimeta?" Mgeni alirudi nyuma, akajifunika pua kwa leso. "Basi nyama hii isiguswe. Ichomwe sasa hivi, nikiwa naona."

Minong'ono ilipita kati ya watu. Tangu wahamishwe hakuna aliyekuwa ameonja nyama. Felista alifungua kinywa, akamtazama Mughwai, na Mughwai akatikisa kichwa, polepole.

Wanamgambo waliburuta mzoga hadi kwenye kichaka kikavu, wakarundika kuni, wakamwagia mafuta ya taa. Mwanzoni ulipanda moshi mweusi. Kisha mafuta ya nundu yakaanza kudondokea makaa, na harufu ya nyama choma ikaenda na upepo, ikapita safu ya kwanza ya nyumba, na ya pili.

Milango ya nyasi ikaanza kusukumwa. Watoto walitoka mmoja mmoja, wa Felista miongoni mwao, kila mmoja na kibakuli chake, wakielekea kwenye moto. Bonifasi alivua bunduki begani, akasimama njiani kuwazuia.