Kigae cha Mwisho Kando ya Soketi

Kigae kimoja cha kuzunguka soketi hula muda kuliko ukuta mzima, na asiyejua kazi hudhani fundi anavuta siku. Jikoni kwa shemeji yangu, pengo la kigae hicho kimoja lilikaa mwaka mzima, juu ya meza ya kupikia. Si kwamba kazi ilinishinda. Hapo ndipo kaka yangu alipofia.

Yeye alikuwa fundi umeme, mimi fundi vigae. Mtaani walimwita Waya kwa wembamba wake, naye alikuwa akijibu kwamba bora waya kuliko gunia, huku akilitazama tumbo langu. Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na moja. Yeye anazima swichi kubwa ukumbini na kuivuta soketi nje ya ukuta, mimi napima, nakata, nabandika. Tabu ni kwamba mashine ya kukatia nayo inataka umeme. Basi tukawekeana ishara: aliye ukutani akishatoa mikono kwenye nyaya anagonga mara tatu, na aliye kwenye swichi anawasha.

Siku ile nilikuwa kwenye swichi mimi. Kigae kilikuwa kimenipasukia, nataka kukata kingine, hasira zimenipanda. Nikasikia ngo, ngo, ngo. Nikawasha. Kumbe kaka alikuwa anagonga kigae cha pembeni kwa mpini wa nyundo ili kikae sawa, mkono wa pili ungali kwenye nyaya. Mimi, fundi vigae, sikuitambua sauti ya kigae kinachogongwa.

Majirani walipofika nikasema umeme ulikuwa umekatika, kaka hakuzima swichi, ukarudi ghafla. Uongo ulinitoka kabla sijaufikiria. Tangu hapo watu wakawa wanasema Waya, fundi mzima, aliuawa na uzembe wake. Nami nilikuwa naitikia kwa kichwa.

Juzi shemeji akanipigia simu. "Shemeji, njoo uzibe lile pengo. Nimechoka kutazamana nalo."

Nilikwenda asubuhi, kigae nimeshakikata nyumbani ili nisihitaji umeme kabisa. Nikazima swichi kubwa, nikamwambia asiiguse mpaka nimalize. Alikuwa ukumbini anakunja nguo. Nikalegeza skrubu, nikaivuta soketi, nikaingiza vidole kuzisogeza nyaya. Niliogopa, sisemi uongo tena. Shati lilinigandia mgongoni.

Ngo, ngo, ngo.

Ilitoka ukutani, karibu kabisa na kifundo cha mkono wangu. Na mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye nyaya.

"Usiwashe!" Nilijitupa nyuma hadi nikaangusha ndoo ya saruji, nikakimbilia ukumbini. Shemeji alikuwa amesimama mbele ya swichi, kidole kiko juu yake.

"Si umegonga mara tatu?" akasema. "Si ndiyo ishara yenu?"

"Sijagonga, shemeji."

"Nimesikia kwa masikio yangu."

"Hata mimi nimesikia. Lakini sijagonga."

Alikishusha kidole polepole. Tulisikiliza wote wawili, jikoni kimya. Kisha akanitazama usoni, na macho yake yalikuwa makavu.

"Siku ile nilikuwa uani nafua," akasema. "Redio ya jirani, ile ya kuchomeka ukutani, iliimba tangu asubuhi, haikunyamaza hata mara moja. Umeme haukukatika, shemeji. Mwaka mzima nangoja uniambie."

Nikakaa chini sakafuni. Nikamwambia yote: kigae kilichopasuka, hasira, zile ngo tatu, swichi. Nililia kama mtoto. Yeye hakulia.

"Wale wote uliowaambia mume wangu alikuwa mzembe," akasema, "utawafuata mmoja mmoja uwaambie hivi hivi."

"Nitawaambia."

"Haya. Sasa nenda kamalizie. Mimi nakaa hapa hapa kwenye swichi."

Nilirudi. Niliingiza tena mikono kwenye nyaya, huku nikijua nani amesimama upande wa pili na kosa ninalopaswa kumwomba msamaha ni lipi. Nilipaka gundi, nikabandika kigae, sikuthubutu kukigonga. Nilikisukuma kwa kiganja tu mpaka kikashika. Nikarudisha soketi, nikakaza skrubu, nikatoa mikono. Ndipo nikagonga mara tatu.

Hakuwasha. Nilisikia kandambili zake zikija. Alisimama mlangoni, akaitazama mikono yangu, mmoja, kisha wa pili, akaona yote iko mbali na ukuta. Akageuka, akarudi ukumbini, na taa ya friji ikawaka.

Nilizihesabu hatua zake alipokuwa anarudi. Zilikuwa tisa. Siku ile mimi niliziona nyingi mno kwenda kuangalia.