Nguzo Inayolia

Mkwe wangu Bogumił alichimba makaa ya mawe hapa mjini Wałbrzych mpaka mgodi ulipofungwa. Wenzake wakaanza kujichimbia makaa kwa siri, kwenye mashimo huko msituni. Yeye akakataa. Alinunua makaa ya dukani, na jirani yetu Lucjan hakumwacha apumue.

"Huyo hapo frajer," alisema kila alipomwona na gunia. Neno hilo babu zetu walilipata kwa Wajerumani, nasi tukalinoa. Frajer ni mjinga wa kuchezewa na kila mtu. Mwanamume akiitwa hivyo mbele ya wanawe, chakula hakimshuki.

Baridi ya mwaka ule ikawa kali, bei ya makaa ya dukani ikatushinda. Asubuhi moja nikamwona Bogumił na nguzo ya msonobari begani.

"Kwa Lucjan?" nikamuuliza.

"Ndiyo, mama. Nimechoka kuitwa frajer."

Nikamfuata na chupa ya chai mpaka msituni, kwenye shimo la Lucjan.

Lucjan alicheka alipotuona. "Kuni za nini, frajer? Mimi nimeegemeza dari kwa mabomba ya chuma. Hayaozi, hayapigi kelele."

"Ndiyo ubaya wake," Bogumił akasema.

Nina kitendawili nilichowatega wajukuu wote: nina mlinzi, halii mpaka kifo kinikaribie. Jibu ni nguzo ya msonobari. Dari ikilemea, msonobari hupasuka kwa sauti, mtu akawahi kutoka. Chuma hukaa kimya. Siku ile sikutaka kukitega.

Wakaingia kwa kutambaa, Bogumił akiivuta nguzo yake akaisimamishe ndani. Nikakaa juu ya gunia, nikisikiliza sururu zao. Mbwa wa Lucjan, aliyefungwa mtini, akaacha kutafuna mfupa wake.

Ndani kikalia kitu, ka, kama kijiti kinachovunjwa. Kikalia tena, kirefu zaidi.

"Inalia hiyo," nikamsikia Bogumił. "Tutoke, Lucjan."

"Kuni zinakutisha? Toka wewe, frajer."

Mkwe wangu akatoka, uso mweusi tii. Akageuka akapiga magoti, akaita shimoni, "Hakuna atakayekucheka, ndugu yangu. Mama na mimi hatutasema kitu. Toka."

"Kanunue makaa yako."

Nikajua hatoki. Alikuwa amewaita wanaume wengi mno lile neno kwa sababu tu walitoka shimoni kwa hofu.

Msonobari ukalia kwa muda mrefu, kisha ukakatika, ukanyamaza. Bogumił akanishika mkono, akanivuta nyuma, mbali na shimo. Mbwa alikuwa akivuta kamba yake bila kubweka.

Sururu ya Lucjan ilikuwa bado inagonga.