Mfereji Uliotoa Muziki wa Filamu

Jumatatu moja ya Agosti 2012, Adau aliamka mapema, akachukua mtungi wake wa manjano na kwenda kupanga foleni kwenye mfereji ulio nyuma ya kanisa la mabati, katika mtaa wa watu wa Sudan Kusini kambini Kakuma. Alikuwa mjane mwenye kibanda cha chai na binti mmoja, Aluong, aliyekuwa darasa la saba. Zamu yake ilipofika, saa kumi alasiri, aliinama akafungua mfereji. Ukakohoa kama kawaida, ukatema vumbi kidogo, halafu ukatoa muziki.

Ulikuwa muziki wa filamu, fidla nyingi zikipanda polepole, kama mtu anakaribia nyumbani kutoka vitani. Adau alisubiri mtungi ujae. Alipokaza kifuniko muziki ulinyamaza. Akaubeba kichwani. Ulikuwa mwepesi kuliko maji, lakini si sana.

"Imetoka?" akauliza mwanamke aliyekuwa nyuma yake.

"Imetoka muziki."

"Na maji?"

"Maji bado."

Yule mwanamke akasogeza mtungi wake mbele. Alikuwa amesimama hapo tangu alfajiri na hakutaka kurudi mikono mitupu.

Ukifungua mtungi nyumbani, muziki ulitoka mpaka ukaisha, ikabaki harufu ya plastiki iliyokaa juani. Baada ya muda watu walizijua tabia za mfereji. Asubuhi ulitoa nyimbo za kufungulia katuni, za haraka, zikiimbwa na watoto kwa lugha ambayo hata Wakongo wa kambini, wenye lugha nyingi, hawakuitambua. Mchana ilikuwa zamu ya gemu, za magari na za vita, na vijana waliacha mpira wakaja na chupa za soda. Kuanzia saa kumi zilikuja filamu. Kila mtu alikuwa na yake. Puok, aliyetengeneza simu karibu na soko, alipenda muziki wa gemu moja ya zamani uliorudia kipande kilekile.

"Hii iko sawa," alisema. "Inajua hatuendi mahali."

Nawoi, Mturkana aliyeleta makaa kambini, alitaka ule wa farasi wanaokimbia, na aliubadilisha na makaa.

"Ejok, mama Aluong," alisalimu kwa Kiturkana. "Umeniwekea ile ya farasi?"

"Ejok nooi. Iko kwa mtungi kadogo. Usitingishe sana."

Lakini chai haipikwi kwa muziki. Adau alijaribu siku moja. Sufuria ilipata moto, fidla zikapanda, majani ya chai yakabaki makavu. Ikabidi aende kuchimba maji kwenye mchanga wa laga ya Tarach, mto mkavu, kama wenzake. Kuchimba kunataka watu wawili, mmoja ndani ya shimo na mwingine juu, kwa hiyo Aluong akaanza kukosa shule Jumatatu, halafu Jumatatu na Alhamisi, halafu hakuna aliyetaja siku tena. Mwalimu wake alikuja kuuliza. Alikunywa chai, akasema anaelewa, akaaga.

Oktoba alikuja fundi wa mradi wa maji, Levis Mureithi, kwa pikipiki iliyojaa vumbi. Kwao ni Nyeri. Ofisi yake ilikuwa Lodwar, na alikuwa amekaa huko miaka mingi akiomba uhamisho na kusahaulika. Alifungua mfereji, akainamisha kichwa kama anayesikiliza injini.

"Presha ni nzuri," alisema.

Hakuufunga. Alikaa kwenye jiwe mpaka wimbo ukaisha.

"Hii nilikuwa naipenda nikiwa chuo," akamwambia Adau. "Nilikuwa nalala nayo kwa masikio."

"Basi chukua. Mimi nataka maji."

Levis akaondoka pale kwenye jiwe. Alibandika sikio kwenye bomba, akasogea mbele, akabandika tena. Kadiri alivyosogea, muziki ulizidi nguvu. Adau akamwachia jirani kibanda na kumfuata. Walitoka kambini, wakavuka laga, wakapita miti ya migunga hadi mahali ambapo bomba lingine, jipya na nene, lilikuwa limeunganishwa na lile la kambi. Yote mawili yaliingia chini ya ukuta uliofunikwa na maua mekundu. Ilikuwa gesti. Mlinzi aliona overoli ya Levis yenye jina la mradi, akawafungulia.

Ndani kulikuwa na majani mabichi yaliyokatwa sawasawa. Maji ya kambi yaliingia kwenye bwawa la kuogelea kwa kishindo kizuri, na wageni wawili walikuwa wakielea humo macho yamefumbwa. Kando yake kulikuwa na ukumbi wenye mapazia, kitambaa cheupe ukutani na spika kubwa kama makabati. Chini ya dirisha la ukumbi, pale bomba la kambi lilipokatwa, mdomo wake ulikuwa wazi, na sauti za spika zilikuwa zikiingia humo.

Levis alichuchumaa akaliangalia.

"Bomba haliwezi kukaa bure," alisema. "Likikosa maji litabeba kilichopo."

Adau alikuwa ameshaingia ukumbini. Filamu ilikuwa inaisha, wageni wakinyanyuka kwenda kula, na majina ya waliotengeneza filamu yalikuwa yakipanda kwenye kitambaa. Aliujua muziki ule. Kon, marehemu mumewe, alikuwa na kibanda cha video kambini, na filamu ikiisha hakuruhusu mtu azime jenereta kabla jina la mwisho halijapita. Alisema hao wamefanya kazi, lazima mmoja wetu abaki. Wateja walikuwa wanamcheka wakitoka. Muziki huo aliupenda kuliko yote. Aliuvuma akisafisha mashine, akauvuma hospitalini Lodwar mpaka kifua kikakataa. Filamu yenyewe hawakuwahi kuijua jina, maana CD zilikuja bila majalada.

Adau akakaa kwenye kiti cha mbele. Kilikuwa kiti laini, na mgongo wake ulipokiegemea alihisi uchovu ambao hakuwa na nafasi ya kuuhisi kwa muda mrefu. Akabaki hapo mpaka kitambaa kikawa cheupe.

Meneja alikuja, kijana mwenye adabu.

"Mama, tukusaidie?"

"Nimekuja kwa sababu ya maji."

Akamletea chupa baridi kwenye sahani, na glasi. Adau alikunywa nusu kutoka kwenye chupa, nusu akamwekea Aluong.

Kesho yake Levis alikuwa Lodwar, mbele ya meza ya Mike, msimamizi wa mradi. Gesti ilikuwa ya mke wa Mike. Ofisi nzima ilijua, na wengi wao, Levis akiwemo, walishakula samaki huko.

"Huo mfereji unatoa kitu?" Mike aliuliza.

"Unatoa muziki, bosi."

"Unatoka vizuri?"

"Vizuri."

"Basi haujaharibika." Mike alikuwa mtu mpole. Alimsogezea kikombe. "Levis, wewe si umekuwa ukiomba uhamisho?"

Uhamisho ulitoka Februari. Alipelekwa Lokichoggio, mbali zaidi na Nyeri. Akiwa njiani alisimama kwa Adau.

"Niliwaambia," alisema.

"Wakasema nini?"

"Wakasema haujaharibika."

Adau akammiminia chai, akamwongezea sukari bila kuulizwa. Levis aliinywa akiangalia chini. Alijua maji yale yametoka wapi na nani aliyeyachota, na alikinywa kikombe chote kwa sababu kukiacha kungekuwa vibaya zaidi.

Uchaguzi ukapita. Serikali ya kaunti ikaja, ofisi za Lodwar zikabadilisha vibao, na Mike akabaki kwenye kiti chake chini ya kibao kipya. Mwezi wa Julai alileta wageni kutoka Nairobi kuona mradi. Alifungua mfereji yeye mwenyewe. Ulikuwa wakati wa katuni. Bibi mmoja aliyevaa kofia pana alitoa kitambaa akajifuta macho.

"Hii nilikuwa nakimbia kutoka shule nisiikose," alisema. Akamgeukia Adau. "Mama, mnaonaje huduma?"

"Maji hakuna."

"Naona," alisema yule bibi, kwa huruma ya kweli. "Poleni sana. Lakini jua hapa ni kali, hamuwezi kusikiliza hivi." Akamwomba Mike wajenge kivuli. Kilijengwa upesi, cha mabati, na chini yake benchi za saruji.

Jioni hiyo Adau alienda laga. Aluong alikuwa ameshatangulia na kuingia shimoni. Wenzake wa darasa la nane wiki hiyo walikuwa wakifanya mtihani wa majaribio.

"Leo imetoa nini?" Aluong aliuliza kutoka chini.

"Katuni."

"Ile yangu?"

"Ile yako. Wageni wameipenda."

Aluong akainua bakuli. Adau alilipokea, akayachuja maji ya kahawia kwa leso ndani ya mtungi, akalirudisha chini. Ilibidi alale kifudifudi ili mkono umfikie.