Mikono Chini ya Chokaa

Jumamosi, tarehe 14 Oktoba 2023, Kindu iliamkia ukungu mzito uliopanda kutoka mto Lualaba, na maji ya mvua ya usiku yalikuwa bado yanadondoka kwenye mabati. Mwavita aliingia saloni, sebule ya nyumba ya marehemu mama yake, akasema Bismillahi, akautazama ukuta. Ulikuwa mwekundu wote, isipokuwa kando ya mlango wa ndani.

Rangi ile aliitafuta siku nyingi. Hakutaka nyekundu ya matofali wala ya damu, bali ile yenye joto, kama mawese yaliyotoka kukamuliwa, ili mgeni akiingia ahisi amekaribishwa kabla hajaambiwa karibu. Alasiri hiyo wakwe wangeleta posa ya Neema, mdogo wake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Mwavita alikuwa amemwomba Mungu jambo moja tu: siku hii isiharibike.

Masudi, fundi wa rangi, alikuwa amechuchumaa akinusa kidole chake.

"Yaya Mwavita, hii ukuta haitaki rangi," alisema, akimwita dada mkubwa kwa heshima.

"Ukuta iko na mdomo ya kukataa? Sema tu jana ulichoka, ukapaka nusu."

"Mimi nichoke? Kazi yenyewe njo inachoka, si mimi." Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Napaka, inakauka, inadondoka. Na chokaa ya chini nayo inadondoka. Kuja uone."

Mwavita aliinama. Rangi na chokaa vilikuwa vimebanduka kama magamba ya samaki, na udongo wa zamani ulionekana. Juu ya udongo kulikuwa na alama ya kiganja. Chini yake kiganja kingine. Chini zaidi kingine, na cha mwisho kilikuwa karibu na sakafu, vidole vimeburuzwa.

"Gusa," alisema Masudi.

Aligusa. Palikuwa pabichi. Alinusa kidole chake: mawese.

Mwavita alijua ukuta huo ulikuwa nini. Zamani saloni ile haikuwapo. Palikuwa baraza, na mlango ule wa ndani ndio uliokuwa mlango wa nyumba. Vita vilipokwisha, mama yao Mwanahamisi aliizungushia baraza matofali, kama wafanyavyo wengi Kindu wakitaka chumba cha wageni. Ukuta wa nje ukawa wa ndani. Tangu hapo, kila mwaka kabla ya Ramadhani, alijifungia na ndoo ya chokaa akaupaka peke yake. Mtu akimwambia abadilishe rangi, alijibu, "Nyeupe njo inanitosha." Amezikwa bila kusema sababu.

Ila Mwavita hakuhitaji kuambiwa. Mwaka 2002, mji ulipozingirwa, alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Alfajiri moja risasi zilianza upande wa reli. Mama alizima kibatari, akamtia Neema titi mdomoni ili asilie, na kwa mkono mwingine akauziba mdomo wa Mwavita. Nje mtu alipiga hodi. Hakupiga kwa ngumi. Alipiga kwa kiganja, polepole, kama anayeogopa kuwaamsha wengine.

"Mama Mwavita, njo mimi, ni mimi. Fungueni."

Mama hakufungua. Sauti ilishuka, ikasikika kwenye kizingiti, halafu ikanyamaza. Kulipokucha mama alitoka wa kwanza, na aliporudi mikono yake ilikuwa na chokaa hadi kwenye viwiko. "Ilikuwa mbuzi," alisema. Mwavita hakuuliza. Lakini alijua mbuzi hamwiti mtu kwa jina, na sauti ile aliijua: Françoise, jirani yao, aliyekuwa akikamua mawese. Hakuonekana tena, hata mwili wake. Watu walisema mto umemchukua.

"Nikwangue yote?" aliuliza Masudi.

"Wakwe wako njiani, utakwangua saa ngapi? Leta nyundo."

Alitundika kitenge kipya kizuri, chenye maua ya manjano, kutoka juu hadi sakafuni. Neema alipotoka chumbani na hina mikononi alikishangaa.

"Yaya, unavalisha ukuta sasa? Na mimi bibi arusi nitavaa nini?"

"Wewe vaa adabu," Mwavita alimjibu, na Masudi akacheka sana kupita utani wenyewe.

Wakwe walifika baada ya sala ya alasiri: wazee wawili wenye kofia na shangazi wa bwana arusi, mama mnene mwenye macho ya kuona vumbi gizani. Waliisifu rangi. "Hapa mtu anakaa kama ndani ya chungu ya moto," alisema shangazi. "Vizuri. Nyumba zingine ziko baridi kama msalani."

Walipokuwa bado wanacheka, sauti ilitoka mlango wa nje.

"Hodi!"

Alikuwa Odette, mwenzake Mwavita wa sokoni, na bidoni ya mawese ya karamu kichwani. Odette alikuwa binti wa Françoise. Alfajiri ile ya vita yeye alikuwa kijijini Tunda kwa bibi yake. Kila mwaka hushuka bandarini, akatupa maua majini na kumwombea mama yake. Mwavita alikuwa amewahi kumsindikiza, akamshikia hata viatu, na hakusema neno.

"Karibu, yaya Odette, tua muzigo," alisema Neema.

Odette alitua bidoni. Hapo shangazi akanyoosha kidole. "Ee, mama, kitenge chenu kinavuja."

Wote waligeuka. Katikati ya maua ya manjano lilikuwa limetokea doa la rangi ya mawese. Lilikuwa na vidole. Chini yake likaanza kutokea la pili.

Mwavita alijua maneno ya kusema. Ni mvua, mabati yametoboka, samahani wazee. Wangemwamini. Posa ingepita, mama yake angebaki na heshima yake kaburini, na Odette angeendelea kuuombea mto usiokuwa na mtu. Maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi, na alihisi juu ya midomo yake kiganja cha mama yake, chenye joto, kinambana kama alfajiri ile.

Alikishika kitenge kwa mikono miwili, akakivuta chini.

Odette alisogea, akapiga magoti mbele ya alama. Alama ya mkono wa kulia haikuwa na ncha ya kidole kidogo. Kidole hicho cha Françoise kilikatwa na mashine ya kukamulia mawese, na mtaa mzima ulikijua. Odette aliweka kiganja chake juu yake.

"Alifika hapa," alisema.

"Alifika."

"Alipiga hodi."

"Alipiga. Nilisikia, Odette. Neema alikuwa ananyonya. Mama aliogopa."

Odette hakulia. Aliugeukia uso wa Neema, binti mzima mwenye hina, akautazama muda mrefu. "Basi huyu njo aliishi," alisema. Kisha kwa Mwavita: "Leo sina neno ya kukupa. Mimi nilipewa mto. Unanipa nini?"

Ndipo hodi ilipopigwa.

Haikutoka mlango wa nje, uliokuwa wazi. Ilitoka kwenye mlango wa ndani, upande uleule walioketi wao, mahali pasipokuwa na mtu, chini karibu na kizingiti. Kiganja, polepole. Mzee mmoja alianza kusoma Ayatul Kursi. Shangazi alimshika Neema mkono, wala hakumwachia.

Mwavita alitembea hadi mlango ule. Alishika kitasa, akaufungua wote hadi ukagota ukutani.

"Karibu ndani, Mama Odette," alisema kwa sauti. "Pita. Utusamehe, tumechelewa."

Harufu ya mawese mabichi ilimpita usoni, ikaingia vyumba vya ndani, ikatulia. Odette alikuwa amesimama. Mwavita akawageukia wazee, shangazi, Masudi na mdogo wake.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu mnaonisikia: huu ukuta hautapakwa tena, Odette atakuja kumwombea mama yake hapa siku yoyote anayotaka, na muntu yeyote atakayepiga hodi kwenye nyumba hii, hata kama risasi ziko nyuma yake, mimi Mwavita binti ya Mwanahamisi nitamufungulia."