Mapipa Matano Uani kwa Eluned

Sheria mpya ya taka ilipoingia Welisi, halmashauri ilinituma kwenye maduka madogo ya bonde letu niwafundishe watu kutenganisha: karatasi peke yake, chupa peke yake, makopo na plastiki, mabaki ya chakula, na pipa la mwisho la takataka zisizofaa kitu. Wauza chipsi walinitukana, mafundi viatu walinifungia mlango, nami sikujali. Aliyenishinda ni Eluned, mwenye mkahawa karibu na kanisa, na yeye hakunitukana hata kidogo.

"Lowri, mwanangu, mapipa matano niyaweke wapi?" aliniuliza, akinisogezea sahani ya keki za zabibu. "Kichwani?"

Nilichungulia uani. Palikuwa padogo kama zulia, na karibu pote pamejaa banda la njiwa la mumewe, Idwal. Mzee huyo alikuwa mchimba makaa ya mawe. Vumbi la mgodi lilimla mapafu, na sasa hakuweza hata kushuka ngazi. Alishinda ghorofani, kwenye kiti cha dirishani. Kila asubuhi Eluned aliwafungulia njiwa, na Idwal akabaki kuutazama mlima mpaka warudi. Wakitokea, aliwapigia mluzi. Sentensi moja ilimchosha, lakini pumzi ya mluzi haikumpungukia.

"Kuna banda tu la kuondoa," Eluned alisema. "Na ukiliondoa hilo, umemwondoa na yeye."

"Banda haliguswi, mama. Lakini mkaguzi akija akakuta hujatenganisha, ni faini. Sikufichi."

"Faini! Na mkahawa wenyewe unachechemea hivi!"

Alisema kwa sauti kubwa, na dari ya mkahawa ule ni mbao tupu, juu yake kiti cha Idwal.

Njia ilikuwapo. Jirani yake Nerys, msusi, alikuwa na ua mpana, na maduka mawili yakielewana yanaweza kutumia mapipa ya pamoja. Ila wanawake hao hawakuwa wakisemezana tangu Nerys alipomkata Eluned nywele vibaya wiki ile Eluned alipomwoza binti yake. Nilikwenda saluni hata hivyo.

"Yule?" Nerys alifoka. "Aliniita mkata nyasi mbele ya kanisa zima!"

"Kwani ulimkata vipi?"

Aliinamia mkasi wake. "Sikio moja lilionekana zaidi ya jingine. Kidogo."

Nilipomwambia kwamba ni kwa ajili ya njiwa wa Idwal, aliuweka mkasi chini. Baba yake alikuwa akishuka mgodini pamoja na Idwal. "Alete mapipa yake," alisema. "Ila aje aombe mwenyewe. Mimi siombewi na halmashauri."

Eluned alikataa katakata. Kisha Jumapili moja alijifunga kitambaa kichwani, akabeba keki, akanivuta mkono. Tulikaribishwa chai. Nerys aliomba radhi kwa lile sikio, Eluned akacheka mpaka machozi, na chai ikawa ya alasiri nzima. Tuliondoka na ruhusa. Eluned alitembea kama msichana, akisema atapanda kumwambia mzee kabla hata hajavua koti.

Tulipofungua lango la nyuma, banda halikuwapo.

Mbao zilikuwa zimekatwakatwa za kuwashia moto, zimepangwa vizuri ukutani. Idwal alikuwa amempigia simu Gethin, mfuga njiwa wa ng'ambo ya mlima. Alikuja na gari na vikapu, akawachukua wote, na banda akalivunja yeye.

"Nimekupatia nafasi," Idwal alisema tulipofika juu. Alipumzika kidogo. "Sasa hawakupigi faini."

Eluned alifungua kinywa. Nilijua anachotaka kusema. Lakini uso wa yule mzee ulikuwa unang'aa kwa fahari. Tangu alipougua, hakuwa amemfanyia mkewe kitu chochote, kila kitu alifanyiwa yeye. Angemwambiaje kwamba amewatoa njiwa wake bure?

"Ahsante, mpenzi," alisema, akambusu kipaji cha uso.

Kwenye ngazi alinishika bega. "Mapipa yakae hapa kwangu. Nerys nitamweleza mwenyewe." Nikayaleta yote matano, nikayapanga pale penye alama ya banda. Nililia ndani ya gari, na sioni haya kusema.

Njiwa mkubwa hasahau kwao. Gethin alilijua hilo, aliwafungia ndani ili azalishe makinda. Lakini dhoruba ya vuli iling'oa mlango wa banda lake, na alasiri iliyofuata, nikiwa kwa Eluned kukagua mapipa, alipiga simu kusema wametoroka. Tulikimbilia juu.

Walikuwa wamekwishafika. Walizunguka paa, wakashuka, wakapaa tena, wakitafuta mlango wao. Mwishowe walitua juu ya mapipa, wote, wakageuza vichwa kuelekea dirishani.

Idwal alishika mikono ya kiti. Midomo yake ilijikunja tayari kwa mluzi, halafu akaifunga.

"Eluned," alisema, "vuta pazia. Wakiniona hawataondoka."

Akalivuta. Tukakaa watatu gizani, tukisikiliza kucha zao zikitembea juu ya vifuniko, mpaka Gethin alipokuja na vikapu.