Mipira Arobaini na Mitatu ya Bandani

Mtu akikuambia kwamba mimi ni mtaalamu wa mikono ya watoto, muulize kama anamaanisha wa kuitunza au wa kuiharibu. Hapa Marlow Creek, Ohio, kila mzazi ambaye mtoto wake ni mrushaji wa besiboli, yule anayemtupia mpigaji mpira, huletwa kwangu. Kazi yangu ni fundi bomba, lakini huu mwaka wa kumi na nne nafundisha timu ya watoto bure, na wazazi nimewaandikia karatasi ya masharti ya kuulinda mkono usiumie kwa kurusha mno, ambayo wengi wameibandika kwenye friji. Sharti la kwanza liko kwa herufi kubwa: siku mbili kabla ya mechi, mkono upumzike. Shingoni nina kihesabio cha kubonyeza, na kila mpira ukirushwa nabonyeza. Mzazi akithubutu kusema, "Mmoja tu zaidi, kocha," nampa hotuba mpaka ajute kunijua.

Basi huyo ndiye mimi.

Msimu uliopita mrushaji wetu alikuwa Jolene Kowalczyk, miaka kumi na miwili, msichana pekee kwenye timu. Kwa miaka mitatu alikuwa akiisubiri fainali ya kaunti. Mwaka huu angekuwa amepita umri wa ligi yetu, na huko mbele wasichana huhamishiwa kwenye mchezo mwingine, wa mpira mkubwa unaorushwa kwa chini. Kwa hiyo ilikuwa Jumamosi ile ya fainali au basi tena.

Ijumaa, siku moja kabla ya fainali, kama kila Julai, nikazipeleka familia zote kwenye bustani ya michezo kando ya ziwa. Safari hiyo nayo ni kiherehere changu mwenyewe: nani apande gari la nani, tukutane wapi saa ya chakula, nani asiguse treni ya kupinduka angani kabla keki za kukaanga hazijatulia tumboni. Renata, mama yake Jolene, alikuwa anakwenda kupanga foleni ya treni na kitinda mimba wake, akaniachia Jolene.

"Kocha, leo asirushe hata kokoto," akasema.

"Renata, unajua unaongea na nani?" nikamjibu, kifua mbele.

Karibu na vyoo kuna banda la mashine ya kupima kasi. Unarusha mpira kwenye turubai, mashine inasoma kasi yake kwa maili kwa saa. Nani kasimama pale kama si Dwight Pruitt, kocha wa Fenton, wapinzani wetu wa kesho yake. Mrushaji wake alikuwa ameketi kivulini analamba aiskrimu, mkono wake unapumzika. Nilimwona kwa macho yangu haya mawili, na akili haikuniambia kitu.

"Verl, mzee wangu," Pruitt akasema, "huyu dogo hapa ni mdakaji tu, na kapiga sitini na moja. Huyo binti yako vipi, au mkono wake ni wa kubebea pochi?"

Mtu mwenye akili angecheka akapita zake. Mimi masikio yakapata moto.

"Jolene, mmoja tu. Tumfunge mdomo huyu."

"Mmoja?" akaniuliza.

"Mmoja."

Hamsini na saba. Pruitt akatikisa kichwa kwa huruma. "Si haba kwa mtoto wa kike," akasema, na hapo ndipo nilipokwisha. Nikamwambia Jolene ule wa kwanza hauhesabiwi, mkono ulikuwa baridi. Na wa pili vilevile. Kisha nikamrekebisha mguu, kisha bega. Watu wakajaa. Nikawa napiga kelele mpaka sauti ikakauka, na kidole gumba, kwa mazoea, kinabonyeza tu kihesabio. Alipofika sitini na mbili nilirukaruka, kofia ikaanguka, nikamkumbatia mwanamume nisiyemjua hata jina. Zawadi ilikuwa dubu wa manyoya mkubwa kuliko friji. Nikambeba mabegani bustani nzima, mzee mzima wa miaka hamsini na minane. Pruitt alinipa mkono wa pongezi kwa heshima zote.

Kwenye gari ndipo nilipotazama kihesabio. Arobaini na tatu. Akirusha idadi hiyo kwenye mechi, sheria ya ligi inamtaka apumzike siku mbili. Lakini sheria inahesabu mipira ya mechi, ya banda haimo. Hakuna ambaye angejua. Nikakirudisha kihesabio kwenye sifuri, na naona haya kuwaambia jinsi nilivyofanya haraka.

Jumamosi, katika kupasha mwili moto, mpira wa tatu wa Jolene haukumfikia mdakaji. Akashika kiwiko. Renata akaja mpaka kwenye uzio.

"Jana alifanya nini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: kalala vibaya. Nikautazama uso wa yule mtoto, nikashindwa.

"Nilimrushisha mipira arobaini na mitatu bandani. Ili nimkomeshe Pruitt."

Renata hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alisema tu, "Na karatasi yako iko kwenye friji yangu," akaenda kutafuta barafu.

Nikamwambia mwamuzi kwamba Jolene hachezi. Akarusha mtoto mwingine, tukafungwa tisa kwa mbili.

Baada ya mechi nilimkuta Jolene benchini, barafu imefungwa kiwikoni, macho mekundu. Nikaketi kando yake.

"Nisamehe, mwanangu. Lakini ungeniambia umechoka."

"Nilichoka kwenye wa ishirini."

"Sasa mbona hukuacha?"

Akachokonoa udongo kwa ncha ya kiatu.

"Ulikuwa umefurahi, Kocha. Sijawahi kukuona umefurahi mimi nikirusha."

Miaka mitatu nilisimama nyuma yake nikihesabu, na sikumbuki hata siku moja niliyomwambia kwamba anarusha vizuri.