Ana Joto

Zamani waliniita Fahali. Kazi yangu ni kuhimilisha ng'ombe kwa mrija, na kwa miaka mingi kila nilipopita na mtungi wangu wa mbegu, ndama hawakukosekana. Kisha jua likageuka. Ng'ombe wakawa wanahema kutwa nzima, wanakula nusu, wanatoa maziwa nusu, na mbegu hazishiki. Msimu uliopita nilihimilisha arobaini, wakashika watano. Wafugaji wakanibadilisha jina, wakaniita Maksai, dume aliyehasiwa, na watoto wao wakalidaka.

Niliumia, tena sana. Lakini aliyenichoma zaidi ni daktari mpya wa mifugo, binti mwenye sauti ya upole, aliyewaeleza watu kwamba kosa si langu, ni la hali ya hewa. Sikuhitaji kutetewa na mtoto wa juzi.

Dada yangu alikuwa na ng'ombe mmoja tu. Ni mjane, ana watoto wanne na mama mkwe wake, na wote walimtegemea huyo ng'ombe. Maziwa yalikuwa yameshuka toka lita kumi na mbili hadi nne, na asipozaa yangekatika kabisa. Nilimhimilisha mara tatu. Baada ya mara ya tatu daktari akampima, akasema ana mimba. Dada alilia kwa furaha. Mimi niliudhika kwamba hakuniita nimpime mwenyewe, nikatangaza mbele ya watu kuwa yule binti hajui kutofautisha mimba na mavi.

Mimba ilikuwa ya miezi mitano lilipokuja lile juma la jua kali kuliko yote. Mchana mmoja yule mama mkwe akanipigia simu: "Njoo haraka, ng'ombe ana joto. Mwenyewe hayupo."

Katika kazi yetu, ng'ombe mwenye joto ni ng'ombe anayetaka dume, na anayetaka dume hana mimba. Nilicheka njia nzima. Daktari ameumbuka, nilijiambia, na mimi ndiye nitakayempa dada yangu ndama wa kweli.

Nilimkuta ng'ombe chini ya paa la mabati, ulimi nje, mate yanamtiririka. Bi mkubwa, yule mama mkwe, alikuwa na ndoo ya maji, akaniuliza kama tusingeanza kwa kummwagia. Nikamwambia mambo ya kitaalamu awaachie wenyewe, tena yule daktari wao ni mwongo. Nikavaa glovu ndefu, nikaingiza mkono.

Mlango wa kizazi ulikuwa umefungwa ndi, na mbele yake kulikuwa na uzito unaoelea. Nilijua. Naapa nilijua kabla sijapitisha mrija. Lakini bi mkubwa alikuwa ananitazama, na kesho angesimulia kwamba Maksai amekuja akaondoka hivi hivi. Nikasukuma. Ukakataa. Nikasukuma tena mpaka ukapita.

Bi mkubwa akauliza kama hiyo ndiyo dawa ya jua. Ndipo nilipoelewa aliniitia nini. Nikamjibu ndiyo, ndiyo dawa yenyewe.

Siku ya nne ng'ombe akatupa mimba. Ndama alikuwa na ukubwa wa paka, hana hata manyoya, na dada alikuwa amemfunika kwa gunia. Daktari alichuchumaa pale, akatutazama mmoja mmoja.

"Kuna mtu alimwingiza mkono huyu ng'ombe wiki hii? Kama yupo, aseme, nitamtibu ng'ombe na atapona. Kama hayupo, itabidi nishuku ugonjwa wa kutupa mimba, na huo unaambukiza mpaka watu."

Bi mkubwa akafungua mdomo. Nikamtangulia. "Hakuna."

Akanitazama, akaufunga. Ndiye aliyeniita, na anakula kwa mkono wa mkwewe.

"Angekuwa amemgusa angeniambia," dada akamwambia daktari. "Kaka yangu hanifichi kitu."

Daktari akachukua damu, akaagiza ng'ombe atengwe, maziwa yasinywewe, na majibu yasubiriwe wiki mbili. Majirani hawakusubiri. Walikataza watoto wao kucheza na wa dada, wakamfungia njia ya kisimani, wakaja kundi zima mlangoni kudai ng'ombe aondolewe kabla hajamaliza wa kwao. Siku ya sita dada akasalimu amri. Hakuweza kumshika, kwa hiyo kamba niliishika mimi. Alichinjwa, akafukiwa na chokaa, hata kipande cha nyama hakikuliwa.

Majibu yalipotoka, dada alikuja kwangu na karatasi mkononi. Alikuwa amekonda. Watoto walikuwa wiki mbili nzima kwenye chai ya rangi.

"Damu yake ilikuwa safi, kaka. Hakuwa na ugonjwa wowote. Nimemuua bure?"

Tulikuwa wawili tu chumbani. Neno moja lingetosha.

"Ulifanya haraka, dada," nikamwambia. "Ungesubiri."

Akainamisha kichwa, akalia kidogo, kisha akanishukuru kwa kumwambia ukweli.